Kichwa Kipya cha Mashine ya Kukimbilia

Maneno yaliyosemwa na mafundi wa reli mbele ya wanachama wa Homa Bay na Migori

Tumeombwa tueleze kazi ya zile mashine mbili za kukimbilia ambazo habari zake zimekwisha enea. Wengine wenu mmesema kuwa mafundi wa reli sasa wameacha magari ya moshi, wamekwenda kutengeneza vitu vya kuchezea vya matajiri. Maneno hayo tumeyasikia wala hatukukasirika. Lakini tutaeleza kazi yenyewe kwa urefu, maana ndani yake mna jambo linaloweza kumwua fundi, tena mna jambo la malipo ambalo mkutano huu utaombwa kulipigia kura kabla ya kufunga.

Labda mtu atauliza, fundi wa reli anatafuta nini Homa Bay, nchi isiyo na reli? Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikakoma pale pale ufukweni. Wazee wa hapa waliijua reli kwa meli zake, zilizokuwa zikitia nanga kwenye gati letu kushusha abiria na mizigo. Basi sisi wenye miji yetu huku, tukipata likizo, twarudi na mfuko wa zana, na majirani hawaoni tofauti kati ya fundi wa injini na fundi wa redio. Chochote chenye waya huletwa mlangoni. Na kusema kweli, mashine ya kukimbilia si kitu kigeni kwetu. Injini za daraja la 93 na 94, zilizotoka kwa General Electric ya Marekani, huendeshwa na mota za umeme zenye brashi za kaboni. Dizeli kazi yake ni kuzungusha jenereta tu. Mashine ya kukimbilia nayo ina mota yenye brashi za kaboni, na mkono mmoja wa kuiambia iende pole au mbio. Tofauti ni kwamba yetu huvuta behewa, nayo humvuta mtu mmoja miguu.

Kwanza neno dogo juu ya asili ya mashine hii, maana historia yake yatuhusu sisi wafanya kazi kuliko wale wanaoinunua. Mhandisi mmoja Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu la kukanyagwa kwa ajili ya magereza mwaka 1818. Lilikuwa gurudumu pana lenye vidato kama vya ngazi. Wafungwa walisimama safu moja, wakashika mti, wakapanda ngazi isiyokuwa na mwisho, kwa sababu kila kidato kilishuka chini ya mguu. Mahali pengine gurudumu hilo lilisaga nafaka au kuvuta maji, na mahali pengine halikufanya kazi yo yote ila kuchosha watu. Huko Jamaica, utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, waliokuwa watumwa walifungwa kwa mkataba wa kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka 1838, na aliyeonekana mvivu au mkaidi alipelekwa kwenye gurudumu hilo, akachapwa viboko akishindwa kukanyaga. Mwandishi Oscar Wilde naye alilikanyaga alipofungwa Uingereza mwaka 1895. Leo mtu mwenye fedha hulipa ada ya kila mwezi ili akanyage. Tusicheke sana, kwa maana madaktari waliona faida yake ya kweli. Daktari Robert Bruce wa Marekani aliitumia kupima moyo wa mgonjwa, akiongeza mwendo na mwinuko kila dakika tatu, na mpango wake wa miaka ya 1960 ungali ukitumika katika hospitali nyingi za dunia.

Ni kwa sababu ya wagonjwa kwamba tuliikubali kazi ya kwanza. Hapa Homa Bay kuna mahali ambapo watu waliovunjika au waliopooza hufundishwa kutembea tena. Walipewa mashine iliyokwisha tumika, ikafanya kazi kwa muda, halafu kichwa chake kikafa. Tukisema kichwa twataka kusema kile kisanduku cha vitufe na namba kilicho mbele ya uso wa mtu. Mota nzima, mkanda mzima, rola nzima, lakini hakuna wa kuiamuru, mashine ikageuka kuwa mahali pa kuanikia taulo. Waliandika barua kuuliza kichwa kingine, wakajibiwa kwamba aina ile haitengenezwi tena, wanunue mashine mpya. Na miongoni mwa waliokuwa wakingojea alikuwamo mwenzetu wa kupakua mizigo, aliyevunjika paja, ambaye bila mazoezi angeendelea kuburuta mguu huo, na kazi ya kupakua hamna mtu anayeifanya kwa mguu mmoja.

Vichwa hivi hufa kwa sababu ambazo mwenye akili angezitazamia. Jasho la mkimbiaji hudondoka juu ya vitufe, nalo jasho ni maji ya chumvi, likaingia ndani likala nyuzi za shaba za bodi. Huku kwetu kando ya ziwa hewa yenyewe ina unyevu. Mijusi na mende hupenda joto la ndani ya kisanduku. Kisha kuna stima kukatika na kurudi kwa kishindo; mara inaporudi volti hupanda, na kidude kidogo cha kichwani ndicho hufa kwanza. Mashine nyingine ziliundwa kwa stima ya Marekani ya volti 120, mtu akazichomeka moja kwa moja kwenye volti 240 zetu. Hiyo haina dawa. Hufa yote, kichwa na tumbo.

Tumbo ndilo neno letu kwa ile bodi kubwa iliyo chini, chini ya kifuniko karibu na mota. Na hapa twaomba kila mtu asikilize. Watu hudhani kichwa ndicho kinachoendesha mota. Sivyo. Kichwa hutoa amri tu, kama mkono wa dereva. Tumbo ndilo hupokea stima ya ukutani, huinyoosha, huipima na kuipeleka kwenye mota. Kwa hiyo kichwa kikifa na tumbo likiwa zima, fundi hana haja ya kutengeneza kichwa kile kile chenye nyimbo na taa na hesabu ya mafuta ya mwili. Atengeneze mkono mpya wa kutoa amri, basi. Kwanza lakini ajue tumbo lake linasikia amri ya namna gani, na matumbo si ya namna moja.

Namna ya kwanza, ya zamani, husikia volti. Kutoka tumboni hutoka nyaya tatu zinazokwenda kwenye kitufe cha kuzungusha, sawasawa na volyumu ya redio. Ukikizungusha, waya wa katikati hupata volti nyingi zaidi, kutoka sifuri hadi kumi hivi, na mota huongeza mwendo. Bodi iitwayo MC-60 ni ya ukoo huo. Ina tabia moja nzuri: ukiiwasha huku kitufe kimeachwa juu, haiendi, mpaka kwanza ukirudishe sifuri. Namna ya pili husikia mapigo. Waya mmoja wa amri huwashwa na kuzimwa, huwashwa na kuzimwa. Katika bodi ya MC-2100, ambayo mafundi wa nchi nyingi wameichunguza, mapigo ni 20 kwa kila sekunde, yaani kila moja lina milisekunde 50. Na kadiri muda wa kuwashwa unavyokuwa mrefu ndani ya zile 50, ndivyo mkanda unavyokwenda mbio. Namna ya tatu, ya siku hizi, kichwa na tumbo huzungumza kwa maneno ya siri ambayo kila kiwanda kina lugha yake. Hiyo ya tatu twashauri muiache, au mtoe tumbo na kichwa vyote mweke vingine.

Sasa ile hatari. Fundi hufungua mashine ya namna ya kwanza, huchukua mita, hupima kati ya nyaya tatu za kitufe, huona volti kumi. Husema, volti kumi ni kama betri ya pikipiki, haiwezi kunifanya kitu. Ndugu zangu, mita haikumdanganya, lakini alipima mahali pasipo. Katika matumbo mengi ya namna hiyo hakuna transfoma inayotenganisha nyaya za amri na stima ya ukutani. Volti kumi ziko kati ya waya na waya, lakini nyaya zote tatu kwa pamoja zimepanda juu ya stima yenyewe, kama watu watatu waliosimama juu ya paa la behewa: mmoja amemzidi mwenziwe kimo kwa inchi mbili, lakini wote wako mita nne kutoka chini. Pima kutoka waya mmoja hadi chuma cha mashine chenye waya wa ardhi, ndipo utaona ukweli. Kijana mmoja wa jua kali wa upande wa Rongo alikwisha ambiwa na duka fulani kuwa nyaya hizo ni za volti ndogo. Akashika waya mmoja kwa mkono huu na fremu kwa mkono ule. Alitupwa ukutani, akapona kwa kuwa swichi ya nyumba ilikata. Swichi hiyo isingekata, leo tungekuwa tunachangisha mazishi.

Tena kuna kapasita. Stima yetu ya volti 240 ikinyooshwa, kilele chake hufika karibu volti 340, nazo huhifadhiwa katika makopo ya kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Karakanani tunafundishwa kungoja, halafu kupima, halafu ndipo kugusa. Sisi tulingoja dakika kumi kila mara tulipochomoa, na kijana aliyetusaidia alilalamika kuwa tunapoteza siku. Tulimwambia siku ni yetu, apumzike.

Basi kwa mashine ya Homa Bay, ambayo ni ya namna ya kwanza, hatukutaka chipu ya namna yo yote iguse nyaya zile. Tulinunua kitufe cha kuzungusha chenye mti wa plastiki, si wa chuma, tukakifunga ndani ya kisanduku cha plastiki kisicho na skrubu iliyopenya hadi nje. Mkono wa mgonjwa hugusa plastiki na nyuma yake plastiki nyingine. Tena hatukutaka mashine iende mbio, kwa sababu mtu mzima mwenye afya hutembea karibu kilomita 5 kwa saa, na mwenye paja lililovunjika hahitaji hata nusu yake. Kitufe chetu kilikuwa cha omu elfu kumi. Juu yake, kwenye waya wa volti nyingi, tukaunga resista ya omu elfu kumi nyingine. Hesabu ni ya darasa la saba: nusu ya volti inabaki kwenye resista, nusu inafika kwenye kitufe, kwa hiyo hata mtoto akikizungusha mpaka mwisho, amri inayofika tumboni ni nusu tu. Yaliyobaki tulipunguza kwa ile skrubu ndogo ya mwendo wa juu iliyo kwenye bodi, kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Tulipomaliza, mwendo wake wa mwisho ulikuwa kilomita 4 na nusu.

Jambo la stima kurudi lilitusumbua zaidi. Fikirini mgonjwa yuko juu ya mkanda, stima ikakatika, mkanda ukasimama, akabaki amesimama akizungumza na muuguzi. Dakika tano baadaye stima inarudi. Mkanda ukianza wenyewe chini ya mtu asiyekuwa tayari, utamwangusha kwa uso. Lakini dawa ya jambo hili kila mwenye kinu cha posho anayo! Ni stata, ile yenye kitufe cha kijani na cha nyekundu. Stima ikikatika, kontakta ndani yake huachia, na stima ikirudi, hairudi kushika mpaka mtu abonyeze kijani kwa hiari yake. Mashine za kukerezea chuma katika karakana zina kitu hicho hicho kwa sababu hiyo hiyo. Tulipata stata iliyotumika kwenye kinu kimoja kilichofungwa, ikiwa na mikono mizima. Angalieni tu koili yake iwe ya volti 240; nyingi za vinu ni za 415, nazo hazitashika kwenye stima ya nyumba.

Mwendo tuliupima kwa chaki. Hili nimependa, maana, samahani Bwana Mwenyekiti, hili tumelipenda sote, halina gharama. Pima urefu wa mkanda wote kwa futi ya fundi cherehani. Mkanda ukiwa wa mita 3, weka alama ya chaki, uwashe, hesabu alama inapita mara ngapi katika dakika moja ya saa ya simu. Ikipita mara 20, mkanda umekwenda mita 60 kwa dakika, ambazo ni mita 3,600 kwa saa, yaani kilomita 3 na sehemu 6. Ndipo tukaandika namba kwa kalamu ya rangi kuzunguka kitufe: moja, mbili, tatu, nne. Muuguzi aliomba namba za taa kama za zamani. Tukamwekea chipu ya Arduino iliyonunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, ikaletwa kwa basi. Inahesabu tu mizunguko ya rola kwa sumaku na swichi yake ya peke yake, inakula stima ya chaja ya simu, na baina yake na zile nyaya tatu hapana hata unyuzi. Ikifa kesho, mashine itaendelea.

Ya Migori ilikuwa nyingine. Ni mashine ya nyumba ya wageni, ya namna ya pili, ya mapigo. Mwenye nyumba alisikia habari za Homa Bay akatutafuta. Hapo chipu ndiyo iliyotoa amri yenyewe, na waya wa amri katika bodi za namna hiyo kwa kawaida umetengwa na stima kwa kidude chenye taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili, vinavyoonana bila kugusana. Hata hivyo tulipima kwanza, na bado tukaweka kidude kingine kama hicho cha kwetu katikati. Tuliandika programu kwa simu na kompyuta ya kuazima, jioni nne. Chipu husoma kitufe, lakini haimruhusu mtu kuruka kutoka kutembea hadi kukimbia kwa mara moja. Huongeza pole pole, hata ukizungusha kwa ghafula. Ikiwashwa huku kitufe kiko juu, hungoja kirudishwe sifuri, kama MC-60. Na ikiwa inatoa amri ya kwenda lakini kwa sekunde mbili haioni rola ikizunguka, hukata, kwa kuwa ama mkanda umekwama ama swichi ya kuhesabu imekatika, na katika hali zote mbili hapana sababu ya kuendelea. Rola ya pale ina kipenyo cha milimita 50, basi mzunguko wake ni milimita 157. Kwa kilomita 10 kwa saa huzunguka karibu mara 1,060 kwa dakika. Kanuni ya duara tuliijua tangu shule ya msingi ya misheni, na mwalimu aliyetutwanga viganja kwa ajili yake hangeamini ilikotufikisha.

Lakini kazi ya Migori haikuharibika kwa chipu wala kwa waya. Iliharibika kwa ufunguo.

Mashine nyingi za kukimbilia zina ufunguo wa usalama. Si wa chuma. Mara nyingi ni kipande cha plastiki chenye sumaku, na kamba ya kufunga kwenye nguo. Mtu akirudi nyuma au akianguka, kamba huvuta sumaku, mashine husimama. Sisi wa reli twajua jambo hili kwa jina jingine. Katika chumba cha dereva mna kidude ambacho sharti akishike au akikanyage, au akijibu kila kinapolia. Akizimia au akilala usingizi, breki za gari zima hushika zenyewe. Hakuna dereva anayekipenda. Kinamchosha mguu, kinamkatiza mawazo. Lakini hatumjui dereva aliyewahi kuomba kiondolewe mbele ya mkewe.

Ufunguo wetu tuliufunga hivi, na twataka fundi ye yote atakayefanya kazi hii afanye vivyo hivyo. Haupitii kwenye chipu. Sumaku hufunga swichi ndogo ya volti 12, swichi hushikilia rilei, na rilei ndiyo hushikilia kontakta ya stima. Sumaku ikitoka, kontakta huachia, hata kama chipu imerukwa na akili na inaamuru kilomita 20. Wako mafundi wanaoleta waya wa ufunguo ndani ya chipu, ili chipu iamue. Huko ni kumwuliza dereva aliyelala kama angependa breki.

Basi mwenye nyumba alituambia wageni hupoteza ufunguo, kisha mashine hukaa bure, na mgeni hulalamika. Akataka tugundishe sumaku mahali pake daima. Tulimwahidi funguo tatu za akiba, tukamwonyesha jinsi ya kuzitundika mapokezi. Akasema yeye ndiye mwenye mali. Tukasema mali ni yako, jina lililoandikwa chini ya kazi ni letu. Tukakataa. Akakataa kulipa nusu iliyobaki. Baada ya juma moja tukasikia kuwa amempata kijana mwingine, akagundisha sumaku kwa gundi. Hatumlaumu sana kijana yule, alikuwa na njaa ya siku hiyo.

Ndugu wanachama, hapa ndipo tunataka mawazo yenu. Aliyeajiriwa ana ngao kidogo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, tajiri hawezi kumlazimisha kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo yamlazimu tajiri kumkatia bima. Lakini fundi aliyeitwa siku mbili kwa mapatano ya mdomo hana tajiri mbele ya sheria hizo. Akiunguzwa na stima, ni lake. Akikataa kazi ya hatari, analala njaa, na mwingine anaifanya. Kule Nyatike, kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoanza tangu miaka ya 1930, mnaona vijana wakiunga mota za kusaga mawe kwa nyaya zilizofungwa kwa mfuko wa nailoni, na ukiuliza wanajibu maneno yale yale, mwenye mashine hataki gharama. Tom Mboya, mzaliwa wa ukoo wa Rusinga, alipoingia katika mgomo wa bandari ya Mombasa mwaka 1955, wapakuzi walipata nyongeza ya asilimia 33 kwa kuwa waliacha kazi wote pamoja. Angetoka mmoja mmoja, wangepata nini?

Sisi twaleta mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama anayechukua kazi ya pembeni yenye stima aandike mapatano kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, hata kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, bei gani, nusu mbele, na neno moja kwamba kifaa cha usalama hakitaondolewa wala kufungwa. Mapatano ya Migori yaliandikwa hivyo, yana sahihi mbili. Na kazi ya nyaya za nyumba yenyewe, yaani plagi na meta na kuta, muwaachie wenye leseni ya EPRA. Sisi tuliomba fundi mwenye leseni aje aangalie waya wa ardhi wa vyumba vyote viwili kabla ya kuwasha, na cha Homa Bay waya huo ulikuwa haukufungwa mahali po pote, umeishia hewani ndani ya ukuta. Aliufunga kwa nusu siku.

Pili, deni. Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu huweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Deni letu halifiki hata sehemu ndogo ya hapo. Wengine kati yetu wanasema tuliache, nauli ya kwenda na kurudi itakula zaidi. Wengine wanasema si fedha, ni ile karatasi: tukataka hakimu aisome, hasa mstari wa ufunguo. Sisi wenyewe hatukupatana, ndiyo maana tumelileta hapa. Tena, kura iwe iwavyo, tawi la Migori limeombwa kupeleka barua kwa mwenye nyumba kumweleza kwa adabu nini kitatokea mgeni akianguka na sumaku iko gundini. Karani anayo barua hiyo, ataisoma baada ya chai.

Waliouliza habari za mwenzetu wa paja: yuko kilomita 2 na nusu kwenye kitufe, dakika kumi na tano, bila kushika mti. Mota ya mwinuko hatujaiunga bado, tunangoja kapasita. Mwenye mita yake abaki, tutafungua kisanduku kile cha plastiki mkione ndani, lakini baada ya dakika kumi.